Viganja Vilivyokataa Kupanda

Kila asubuhi katika kijiji cha Pak Lae, kabla ukungu haujanyanyuka kutoka Mto Nan, chungu cha Bibi Bunpan kilikuwa tayari kinatoa mvuke. Jiko lilikuwa chini, katikati ya nguzo za nyumba, na mvuke ule ulinukia mchaichai, manjano, maganda ya ndimu na kafuri kidogo. Ulipanda taratibu, ukapenya kwenye nyufa za sakafu ya mbao, ukafika mpaka kwenye mkeka wa Fongkaew. Ndiyo maana Fongkaew, au Fong kama alivyoitwa na wote, hakuwahi kuamshwa kwa kelele. Aliamshwa kwa harufu. Alilala akiivuta puani, nusu yake ikiwa bado ndotoni, asijue kama yuko mkekani au anaelea mtoni.

Bibi Bunpan alikuwa mchuaji wa misuli. Wakulima walioshinda wameinama mashambani na wafumaji walioshinda wameketi, wote walipanda ngazi zake wakiwa wamepinda, wakashuka wamenyooka. Alikuwa na kawaida yake, na hakuivunja hata kwa mkuu wa kijiji. Kwanza aliunganisha viganja mbele ya rafu ndogo yenye maua, akawashukuru walimu wake waliokwisha kufa zamani. Kisha akamgeukia mgonjwa na kuuliza, "Haya, inauma wapi?" Mpaka mtu ajibu, na ajibu sawasawa, mikono ya Bibi ilibaki imetulia mapajani.

Fong, msichana wa miaka kumi na miwili, na mdogo wake Tonkla, mwenye miaka saba na mapengo mawili, walizoea kusikiliza nyuma ya pazia. Siku walizozipenda zaidi ni zile za Bwana Inkham, muuza samaki. Mzee yule alikuwa na mwili wa nyati na sauti ya nyati. Bibi akimgusa tu, nyumba nzima ilitikisika. "Aaai! Aaai, nakufa mimi!" Kisha huyo akaondoka zake akitabasamu. Basi watoto wakajifundisha wenyewe kwamba dawa ni ule uchungu; kadiri unavyolia ndivyo unavyopona. Somo hilo la nyuma ya pazia ndilo lililoleta balaa.

Bibi mwenyewe alichuliwa na Tonkla. Jioni alilala kifudifudi, na Tonkla akashika kamba iliyoning'inia kwenye boriti, akamkanyaga mapajani kwa nyayo zake ndogo.

"Pole pole, wewe! Mimi si daraja."

"Kwani Bibi unaumwa wapi?" Fong humwuliza.

"Si kitu. Uzee tu huu," hujibu Bibi, kisha hugeuza mazungumzo. Fong aliona kwamba Bibi akinywa chai hushika kikombe kwa viganja viwili, vidole gumba vimesimama kando kama havitaki kuguswa. Lakini Bibi akishasema si kitu, nani ataendelea kuuliza?

Ikafika miezi ya mwisho wa mvua, mto ukiwa umejaa, na msimu wa mashindano ya mitumbwi ukabisha hodi. Pak Lae walikuwa na mtumbwi mrefu wa wasichana, mwembamba, wenye kichwa cha joka mbele na mkia wa joka nyuma. Walioupiga makasia walikuwa kumi na wawili. Mwaka huo Mwalimu Wipha alimteua Fong kuketi benchi la kwanza, nyuma tu ya shingo ya joka. Anayeketi hapo ndiye mwenye kupiga mwendo. Wengine wote hutazama mabega yake na kumfuata. Akikosea yeye, wamekosea wote.

Msichana wa akiba alikuwa Waen, jirani yao, mwenye ulimi mwepesi na mikono mirefu. Kila mazoezi Waen alikaa ukingoni na kasia magotini, akingoja mtu apige chafya tu ili aingie.

"Jihadhari na mafua, Fong," alimwambia akicheka. "Mimi niko hapa hapa, siendi mbali."

Zilikuwa zimebaki siku kumi. Baba na mama walikuwa kwenye kibanda cha shambani wakilinda mpunga usiliwe na ndege, na mtumbwi mdogo wa baba ulikuwa umefungwa chini ya mianzi, hauna kazi. Fong akaona ndiyo nafasi. Siku mbili mfululizo, ukungu ukiwa bado mzito, alishuka peke yake, akapiga kasia kupanda mto mpaka kwenye kona ya mianzi, akarudi, akaenda tena. Humo ndani ya ukungu hakukuwa na ukingo wala mbingu, ila weupe tu na sauti ya maji. Alisikia umati ukimshangilia. Aliliona joka la Pak Lae likitangulia, shingo juu, na majina yao yakitajwa kwa kipaza sauti. Kila alipojiambia "mara moja ya mwisho," aliongeza nyingine tano. Hakunyoosha mkono wala kupumzika, na jioni akaenda mazoezini na wenzake kama kawaida.

Siku ya tatu alipoamka, ile harufu ilikuwepo, lakini ndoto ilikatika ghafla. Aligeuka ubavu akashikwa na maumivu, huku bega na huku bega, mpaka katikati ya mgongo. Mtu angedhani usiku kucha mabega yake yametumika kutwangia mpunga.

Kwa nini hakumwambia Bibi? Hapo ndipo msichana huyu alipokosea, na wala hakukosea kwa ujinga. Aliogopa. Bibi angemwambia Mwalimu, Mwalimu angemweka kando, na Waen angeingia benchi la kwanza akiwa bado anatafuna embe. Tena ilikuwepo aibu: mjukuu wa mchuaji kuumwa misuli! Bora ajikaze kisabuni.

Mchana, Bibi alipokwenda sokoni, Fong alimwita mdogo wake.

"Tonkla, njoo unikanyage."

"Wapi? Mapajani?"

"Mabegani na mgongoni. Na ukimwambia mtu, parachichi letu lililoiva nitalila peke yangu."

Tonkla akashika kamba ya boriti, akapanda. Fong akauma mto wa kulalia ili asilie.

"Dada, unatetemeka. Nishuke?"

"Kanyaga zaidi! Humwoni Bwana Inkham? Bila kulia hakuna kupona."

Mtoto akiambiwa akanyage zaidi atafanya nini? Tonkla aliruka. Aliruka mara tatu, kwa moyo safi kabisa, na kila mara machozi yalimtoka dada yake yakaingia kwenye mto. Fong alipoinuka alihisi kizunguzungu, akajiambia kwamba sasa, bila shaka, kesho atakuwa mzima.

Kesho yake asubuhi watawa walipita kupokea wali, miguu mitupu, nguo zao za rangi ya manjano zikitokeza moja moja kutoka kwenye ukungu. Fong alipiga magoti nyuma ya Bibi na kikapu cha wali wa kunata. Wali aliutoa, viganja akaviunganisha. Akaanza kuvipandisha.

Watu wa Pak Lae hujua vipimo hivyo kabla hawajajua kusoma. Ukimwamkia rafiki, viganja vyako hufika kidevuni. Kwa mzazi na mwalimu, hufika puani. Kwa mtawa, kati ya nyusi. Viganja vya Fong vilifika kifuani vikakataa. Alivuta, akasukuma, akashusha kichwa ili kichwa kivifuate, lakini hata shingo iligoma. Bahati yake Bibi alikuwa ameinama mbele, na mtawa aliyesimama mbele yao alikuwa mzee asiyeona vizuri.

Lakini jioni bahati iliisha. Wasichana walipanga mstari ukingoni kumwamkia Mwalimu Wipha. Wengine wote wakainua viganja mpaka puani, baadhi wakikunja uso kidogo. Fong alibaki navyo kifuani.

Mwalimu alimsogelea.

"Fongkaew," alisema kwa sauti ya chini, "hivyo ndivyo unavyomwamkia paka wenu?"

Nyuma mtu akakohoa kuficha kicheko. Waen hakuficha chake. "Usimlaumu, Mwalimu. Benchi la kwanza limemvimbisha kichwa."

"Ameota pembe," mwingine akanong'ona.

Uso wa Fong uliwaka moto. Neno moja tu lingemwokoa. Aseme, "Mwalimu, siwezi, naumwa," na kila mtu angeelewa. Lakini neno hilo lilikuwa na benchi la kwanza mgongoni mwake, na likitoka, linatoka na benchi. Akalimeza. Afadhali aitwe mwenye majivuno kuliko aitwe mgonjwa.

Mazoezi yalikuwa aibu tupu. Mkono wake wa kulia ulichelewa, wenzake wakamfuata katika kuchelewa, makasia yakagongana, na joka la Pak Lae likaenda upande upande kama limelewa. Walipofika ukingoni Mwalimu alimsimamisha kando.

"Nilikuchagua kwa sababu ulikuwa msikivu. Sijui ni nini kimekuingia. Kesho njoo na adabu yako, au usije kabisa."

Fong akarudi nyumbani kwa njia ndefu, kupitia nyuma ya hekalu. Pale bustanini kulikuwa na sanamu za mawe za wazee wakaa-porini, ambao watu husema ndio waliovumbua kunyoosha viungo: mmoja amevuta kiwiko nyuma ya kichwa, mwingine amenyoosha mguu, mwingine amejikunja akitabasamu. Tangu utotoni Fong alipita hapo akiwacheka. Jioni ile aliona kama wao ndio wanaomcheka.

Habari katika kijiji hazihitaji viatu, zilikuwa zimemtangulia. Bibi alikuwa ameketi mbele ya rafu yake ya maua, mgongo wima.

"Karibu, malkia," alisema. "Nasikia siku hizi walimu wanaamkiwa kifuani."

"Bibi..."

"Sitaki maneno. Hapa kuna walimu wangu mimi. Waamkie hao, nione."

Fong akapiga magoti. Akaunganisha viganja. Vikapanda mpaka kifuani, vikatetemeka, vikakwama. Alijaribu tena, na safari hii machozi yakaanza kumdondoka moja moja juu ya vidole. Bibi akakunja nyusi. Kabla hajasema kitu, pazia likatikisika na Tonkla akatokeza analia kuliko dada yake.

"Bibi, usimpige! Ni mimi nilimkanyaga! Niliruka mara tatu!"

"Uliruka wapi?"

"Mgongoni! Alisema bila kulia hakuna kupona, kama Bwana Inkham!"

Bibi Bunpan alifumba macho. Watoto walidhani anasali, kumbe alikuwa anazuia kicheko na kilio vilivyokuja pamoja. "Inkham!" alisema mwishowe. "Inkham hulia hata nikimkata kucha. Yule analia kwa utamu, watoto wangu. Siku atakapolia kwa uchungu, mimi nitakuwa nimeikosea kazi yangu."

Akavuta mkeka, akamketisha Fong mbele yake, mikono yake mwenyewe akaiweka mapajani. "Haya, inauma wapi?"

"Bega kidogo tu."

Mikono haikusogea. Bibi alingoja. Nje mto ulikuwa unapita, na chungu kikichemka polepole.

"Mabega yote mawili," alisema Fong. "Na mikono ya juu, na hapa nyuma. Tangu jana. Nilipiga kasia peke yangu alfajiri, siku mbili, na sikupumzika. Na nilinyamaza kwa sababu nitaondolewa benchini."

"Sasa umenijibu." Bibi akagusa kwa mgongo wa kiganja, hapa na pale. "Kuna mahali panachoma kama sindano? Vidole vina ganzi?"

"Hapana."

"Pumzi ukivuta haikukati?"

"Haikati."

"Hakuna uvimbe, na ngozi haina moto. Shukuru. Kungekuwa na kimoja kati ya hivyo, nisingekugusa. Ningekupeleka zahanati saa hii hii. Na wewe Tonkla, sikiliza. Uti wa mgongo haukanyagwi. Wala haurukiwi, hata na paka."

Alifungua kitambaa cheupe, akakijaza majani yake yaliyopondwa, akafunga furushi dogo, akashuka nalo jikoni kuliweka juu ya mvuke. Lilipopata joto alilijaribu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe, kisha akalituliza begani kwa Fong, akainua, akatuliza tena. Joto liliingia taratibu. Baada ya hapo vikaja viganja vya Bibi, si kwa kusukuma bali kwa kuegemea, polepole, vikingoja misuli ikubali ndipo vishuke zaidi. Fong alikuwa ameuma meno akisubiri uchungu. Ule uchungu haukuja.

"Achia meno," Bibi alisema. "Pumua. Ukitoa pumzi, na mimi nashuka. Ukiona kinazidi, niambie."

Pumzi ikaingia, pumzi ikatoka. Harufu ya asubuhi ilikuwa imerudi jioni, na Fong akaanza kuelea. Akajiona ndani ya ukungu tena, lakini safari hii hakuna umati wala kipaza sauti. Mtumbwi unakwenda wenyewe na maji, kasia limelazwa, na mtu asiyemwona anausukuma kwa kiganja kimoja. Sanamu za hekaluni zilikuwa ukingoni, kila moja imejinyoosha kwa namna yake, na hazikumcheka. Moja ilimpungia. Alitaka kumwambia Bibi, lakini ulimi ulikuwa mzito kwa raha. Ilikuwa ni muda gani tangu aache kuogopa? Hakujua.

Alipofumbua macho, shingo iligeuka. Si sana, lakini iligeuka.

"Bado inauma, Bibi."

"Itauma kesho, pengine na kesho kutwa. Mimi si mchawi. Misuli ikifanyishwa kazi isiyoizoea huchoka, na huhitaji siku zake. Sisi tunaisaidia tu. Sasa simama."

Akamwonyesha yale yale ya wazee wa mawe. Mkono mmoja upite mbele ya kifua, mwingine uuvute kwa upole. Kiwiko nyuma ya kichwa. Vidole vifungamane mgongoni, kifua kifunguke. Asidundedunde, avute mpaka pale anapohisi mvuto, si maumivu, akae hapo pumzi tano, aachie. Kila siku atembee kidogo, anywe maji, alale mapema.

"Ndiyo, Bibi. Basi nitapona, na Mwalimu hatajua..."

Bibi akamtazama. "Bega nitalichua. Uongo siwezi kuuchua, mama. Huo utautoa wewe mwenyewe kwa mdomo wako."

Kesho yake Fong alifika ukingoni kabla ya wote. Alipiga moyo konde, akaunganisha viganja kifuani, na kabla Mwalimu hajakasirika akasema yote bila kuvuta pumzi: alfajiri mbili, mdogo wake, kamba ya boriti, miruko mitatu. "Sikuwa na majivuno, Mwalimu. Mikono ilikataa kupanda. Niliogopa kusema kwa sababu ya benchi."

Mwalimu Wipha akageukia mstari uliokuwa umeshafika na unasikiliza. "Na ninyi? Nani mwingine anaumwa?"

Wakatikisa vichwa kukataa. Wote wazima, wote wa chuma!

"Vizuri. Inueni mikono yote miwili juu ya kichwa, wima."

Wee! Kulikuwa na mikono iliyoishia masikioni, mingine ilienda juu na mwenyewe akapiga yowe. Wasichana saba, mmoja baada ya mwingine, walibaki wamekwama hewani wakitazamana. Kicheko kikaanza kwa mmoja, kikawashika wote, nacho kilikuwa kicheko cha maumivu kwa sababu hata mbavu ziliwauma.

"Mungu wangu," alisema Mwalimu, akikaa chini kwenye gogo. "Mtumbwi mzima unaumwa, na mimi naongeza mizunguko. Kosa hili ni langu pia. Sikuuliza."

Kisha akatoa uamuzi wake, nao haukuwa mtamu. Fong hatapiga kasia siku nne. Waen ataketi benchi la kwanza.

Hilo lilimwuma Fong kuliko bega. Siku nne alikaa ukingoni na kasia magotini, akamwona Waen akijifunza mwendo, siku ya kwanza vibaya, siku ya tatu vizuri. Hakuna mtu anayefurahi kuona hivyo, na Fong hakujisingizia furaha.

Lakini kila jioni baada ya mazoezi, Bibi Bunpan alifika na chungu chake kikibebwa na Tonkla kwa vitambaa viwili, na wasichana wakanyoosha viungo kwenye mchanga kwa pamoja. Halafu wakaketi kwa safu, kila mmoja nyuma ya mwenzake, viganja mabegani. Sheria ilikuwa moja: kwanza uliza.

"Inauma wapi?" Waen alimwuliza Fong jioni ya pili.

"Chini ya bega la kulia. Hapo. Pole pole, wewe! Unatafuta samaki?"

"Samahani." Viganja vikalainika. Kisha Waen akasema, "Nilisema una kichwa kikubwa."

"Ulisema kimevimba."

"Basi. Samahani na hilo."

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya milima, mvuke wa majani ukichanganyika na ukungu wa kwanza wa mtoni, na safu nzima ikayumba taratibu, mbele na nyuma, kwa pumzi moja. Mwalimu Wipha alisimama mbali akiwatazama. Baadaye alimwambia Bibi kwamba ni jioni ile alipojua kwamba sasa wamekuwa mtumbwi mmoja.

Siku ya mashindano mto ulifurika rangi na ngoma. Kabla ya kupanda, wasichana walipanga mstari. Fong aliunganisha viganja, akavipandisha. Vikapita kifua, vikapita kidevu, vikafika puani, vikatulia. Mwalimu akamwamkia naye, na macho yake yaling'aa.

"Bega likoje? Leo kuna raundi mbili. Utaziweza zote?"

Lo, mtihani ulikuwa umerudi! Ndiyo moja tu, na benchi lote la siku ni lake. Fong alitazama shingo ya joka, akamtazama Waen.

"Moja naiweza kwa nguvu zote, Mwalimu. Ya pili sina uhakika. Waen apige ya kwanza."

Waen akalishika kasia lake kwa mikono miwili.

Waen alipiga ya kwanza wakapita. Fainali akaingia Fong, mabega yamepumzika, nyuma yake wasichana kumi na mmoja waliojua mabega yale kwa viganja vyao wenyewe. Hakuna aliyehitaji kutazama. Joka la Pak Lae lilifika mbele kwa urefu wa ulimi wake mwekundu, si zaidi, na Tonkla akapiga kelele mpaka jino la tatu likang'oka.

Jioni, nyumbani, Bibi alishika kikombe cha chai kwa viganja viwili. Fong alikuja akapiga magoti mbele yake, akaiamkia rafu ya maua, kisha akaweka mikono yake mapajani.

"Haya, Bibi. Inauma wapi?"

"Si kitu. Uzee tu..."

Mikono ya Fong haikusogea. Alingoja kama alivyongojewa yeye. Bibi Bunpan alitazama dirishani, akatazama chai yake, akaanza kucheka polepole.

"Kumbe nilikuwa nafundisha nisichokifanya," alisema. "Wahenga husema mficha maradhi, kilio humuumbua. Shikeni hili, wajukuu zangu, wewe na Tonkla: mwili ukilalamika si aibu, ni taarifa. Anayesema mapema hutibiwa kwa kiganja; anayenyamaza huja kulia mbele za watu. Kazi ngumu ni njema, lakini ipewe mapumziko yake, na nguvu zisizo na upole huvunja kile zilichotaka kujenga."

Akaweka kikombe chini, akanyoosha mikono yake miwili mbele ya mjukuu wake.

"Vidole gumba," alisema. "Mwaka wa tatu sasa."

Fong akalijaribu furushi la joto kwenye mkono wake mwenyewe kwanza, kisha akakipokea kidole cha kulia cha Bibi, polepole.